Mshale wa Arobaini na Tatu

Mnisikilize vizuri kwa sababu sitarudia. Kuna watu hapa mtaa wa Ziwani, Nairobi, wakiniona natoka asubuhi na kikapu changu, wanasema mzee Mugo anaenda kuokota vyuma. Kuokota! Anayeokota hajui anachookota. Mimi natafuta, na ninachotafuta nakijua hadi harufu yake.

Natafuta spana zilizokuja na malori ya jeshi la Mwingereza wakati wa vita vya Hitler. Kila lori lilikuwa na mkoba wake wa turubai, umeshonwa mifuko mifuko, kila spana na mfuko wake. Unaukunja, unaufunga kwa kamba, unausukuma chini ya kiti cha dereva. Baba yangu alikuwa dereva wa lori kama hilo. Alirudi nyumbani na mkoba, lakini spana zenyewe zikapotea moja moja, nyingine zikiazimwa na majirani waliosahau njia ya kuzirudisha. Alipokufa nikarithi turubai tupu. Nikaapa nitaijaza, na si kwa spana za juzi zinazouzwa Kirinyaga Road. Nitaijaza kwa zilezile, za miaka ileile, zenye alama ya jeshi.

Alama yenyewe ni mshale. Mistari mitatu mifupi inayokutana juu, kama unyayo wa kuku kwenye matope. Karibu na mshale, mwaka. Na chuma chenyewe kiwe cheusi, kisicho na ile nikeli ya kung'aa, maana wakati wa vita nani alikuwa na nikeli ya kurembea spana? Ukiona hivyo, moyo unaruhusiwa kuanza kupiga. Lakini usishangilie bado. Mafundi wetu hawana huruma. Mdomo ukiwa mdogo wanausaga, ukivunjika wanauchomelea, na shingo wataipinda ili ifikie nati ya gari la Probox. Spana nyingi nilizozikuta na mshale zilikuwa zimeshauawa.

Kazi hii sikuifanya peke yangu. Nilikuwa na Javan Luseno.

Luseno alikuwa Mmaragoli, mrefu, fundi wa mashine katika kiwanda kimoja Industrial Area mpaka alipostaafu, na alikuwa na kicheko ambacho ukikisikia ukiwa ng'ambo ya barabara unageuka kuangalia kama suruali yako imepasuka. Aliishi Kaloleni na mkewe, Muhonja, tunayemwita Mama Mideva kwa jina la binti yao. Mimi na Luseno tulijuana Soko la Burma. Kulikuwa na mtu ametandaza vyuma vyake kwenye gunia karibu na bucha, mimi nikashika spana upande mmoja, na mkono mwingine ukashika upande wa pili. Tuligombana mpaka nyama niliyokuwa nimeagiza ikaungua. Luseno akasema spana ni feki, nikamwambia kama ni feki mbona umeishika, akacheka, tukaila ile nyama iliyoungua pamoja.

Tangu siku hiyo tukawa na sheria yetu. Spana haiingii mkobani mpaka mwenzako akose la kusema. Mmoja analeta, mwingine anakataa. Hata kama moyoni anaiamini, kazi yake ni kukataa kwa nguvu zake zote. Mshale umepinda. Mwaka umegongwa na mtu mlevi. Hii ni ya reli, si ya jeshi. Aliyeleta anajibu hoja moja baada ya nyingine, na chai inapoa, na majirani wanachungulia wakidhani wazee wanapigana. Mkataaji akiishiwa ndipo anasema, "Haya, iingie." Kila Jumamosi tulifanya hivyo, leo kwangu, kesho kwake. Ndiyo maana mkoba wangu hauna hata kipande kimoja cha kutiliwa shaka. Kila kilichomo kilipita mdomoni mwa Luseno.

Ukabaki mfuko mmoja tu, wa spana malaya. Msinikodolee macho, sikuibatiza mimi. Ni ile ya kurekebishwa kwa kidole gumba, inayokubali nati yoyote inayokutana nayo, na mafundi wote wa nchi hii wanaiita hivyo. Mama Mideva, ambaye ni mtu wa kanisa, alitupiga marufuku kulitaja jina hilo nyumbani kwake. Luseno akawa anasema "yule dada". "Mugo, yule dada umemwona wapi?" "Sijamwona." "Mimi naye sijamwona." Tulimtafuta Gikomba, tukamtafuta Kariobangi kwenye vyuma kuukuu, tukamtafuta kwa wajane wa makanika wa zamani. Tulizipata za aina ileile, umbo lilelile, lakini bila mshale, zilizouzwa madukani kwa raia. Luseno alizikataa hata kabla sijafungua mdomo.

Mwezi wa tatu, mvua ikianza, Luseno alianguka bafuni. Presha. Nilienda kumwona hospitalini, nikamkuta amelala mdomo umeenda upande kidogo, lakini macho ni yaleyale ya utundu. Akaniuliza kwa shida, "Umeenda Kiamaiko?" Nikamwambia, wewe umelala hapa, mimi niende Kiamaiko kupekua vyuma? "Nenda," akasema. "Nenda bwana." Akajaribu kucheka, ikawa kikohozi, nesi akanitoa nje. Sikumwona tena akiwa na macho wazi.

Tulimzika kwao Vihiga. Nikawa Mkikuyu peke yangu kwenye lile hema, wakanikalisha mbele kwa heshima, wakanipa ugali na kuku, sina la kuwalaumu. Mwongozaji akaniita, rafiki wa marehemu kutoka Nairobi, sema neno fupi. Nikasimama nikasema, Luseno alikuwa mtu pekee niliyemjua aliyeweza kutofautisha mshale wa kweli na mshale wa uongo. Watu wakatazamana. Mchungaji akaitikia amina, nadhani alifikiri nimenukuu Zaburi. Nikakaa chini.

Jumamosi ya kwanza niliporudi nilichemsha chai ya watu wawili. Sitaki mtu anihurumie. Niliinywa yote.

Mke wangu Waithera alinitangulia zamani. Binti yetu Shiro yuko Qatar, ananipigia akitoka kazini, ananiuliza nimekula, namwambia nimekula. Na watu hapa si kwamba hawapo. Ziwani imejaa watu hadi bomba la maji lina foleni. Nikipita ni habari mzee, sasa mzee, niaje mzee. Lakini hakuna hata mmoja anayenibishia. Nikisema leo ni Jumanne nayo ni Jumatano, wananiambia ndiyo mzee. Mimi nimezoea kupingwa, bwana! Nilikuwa nakaa kitandani nikiutazama mkoba wa baba uliokunjuliwa mezani na ule mfuko mmoja umelegea. Nilitaka mfuko ule ujazwe kabla nami sijaitwa. Na nilitaka ujazwe kwa haki, mtu akinikatalia kwanza. Hilo la pili ndilo lililonitesa, kwa sababu hata dada akipatikana, nani atamkataa?

Nikaenda Kiamaiko mwishowe. Sikwenda Jumamosi, nisingeweza. Nilikwenda katikati ya wiki.

Jimale ana yadi ya vyuma kuukuu nyuma ya soko la mbuzi. Huwezi kufika kwake bila kupita katikati ya mbuzi wanaolia na watu wanaowabishania, na viatu vyako vinakubebea ushahidi hadi nyumbani. Jimale ananijua, anamjua Luseno, sisi ni wateja wake wa kununua kidogo na kuongea sana. Aliponiona akasimama kutoka kwenye kiti chake, jambo ambalo si la kawaida yake.

"Mugo! Umepotea! Mwenzako yuko wapi?"

Nikajifanya sikusikia. Ningemwambia nini, pale katikati ya mbuzi? Nikainama nikaanza kupekua mabomba. Nilihisi nikilitamka neno lile kwa mtu ambaye bado anamwona Luseno hai, nitakuwa nimemuua mara ya pili.

"Achana na hayo mabomba," Jimale akasema. "Pekua ile karai pale. Bado sijaipanga."

Nikalipekua lile karai. Bawaba, minyororo ya baiskeli, vali za injini. Halafu mkono wangu ukashika shingo nene, baridi, na kabla sijaivuta nje nikajua. Nikaivuta. Spana malaya, umbo lenyewe, nyeusi. Nikaifuta kwa shati. Mshale! Nikaifuta tena. Mwaka 1943.

Sasa nitawaambia ukweli ingawa ni aibu. Niliibusu. Mzee mzima, babu wa watu, niliibusu spana mbele ya mbuzi, nikaikumbatia kifuani, nikasema Ngai wangu, Ngai wangu, kama mtu aliyepata mtoto. Jimale aligeukia ukutani, mabega yakimtikisika. Nikadhani vumbi limemwingia. Bei aliyoitaja sikuijadili, nikalipa, nikatoka pale mbio, na magoti yangu haya.

Furaha ilinifikisha Eastleigh. Hapo nikajikuta miguu inakata kwenda Kaloleni, kumwonyesha. Nilikuwa hata nimeshaanza kupanga hoja zangu. Akisema mshale umepinda nitamwambia hivi, akisema mwaka umekaa juu sana nitamwambia vile. Ndipo nikakumbuka. Nikasimama pale pembeni mwa barabara watu wakinipita, mama mmoja akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia siumwi, naomba unipishe.

Nyumbani sikuitia mfukoni. Sheria ni sheria. Nikailaza mezani kando ya mkoba, nikaanza kutafuta mtu wa kukataa.

Nikaanza na Andati, kijana wa gereji hapa nyuma ya nyumba zetu, fundi mzuri. Akaigeuza mara moja. "Ori hiyo, mzee. Orijino kabisa."

"Mshale huoni umepinda kidogo?"

"Haujapinda, mzee."

"Angalia vizuri!"

"Basi umepinda, mzee," akasema, akarudi chini ya gari lake.

Nikaipiga picha nikaituma kwenye kile kikundi cha simu cha wapenda magari ya zamani, watu wenye mapesa yao wanaoshinda wakisifiana. Nikaandika, nawaomba mnipinge. Wakanitumia vidole gumba. Vidole gumba tupu, na mmoja akaniwekea moto. Nikamwonyesha Shiro kwenye video, akasema, "Ni nzuri, Baba. Umekula?"

Nilikasirika mpaka Ijumaa usiku. Nilimkasirikia Andati, nikawakasirikia wale wa vidole gumba, lakini zaidi nilimkasirikia Luseno. Mtu anakukatalia vitu maisha yake yote, halafu siku unapomhitaji akukatalie kimoja tu, hayuko.

Jumamosi nikapiga moyo konde, nikaenda Kaloleni kwa Mama Mideva. Sikuwa nimefika kwake tangu mazishi, na sina sababu nzuri ya kuwapa. Nilipitia Burma nikanunua nyama, kwa sababu huendi kwa mjane mikono mitupu, na spana nikaifunga kwenye gazeti nikaiweka kikapuni chini ya nyama.

Alinifungulia mlango, akanitazama, akasema, "Baba Shiro. Nilidhani na wewe ulizikwa."

"Nisamehe, Mama Mideva."

"Ingia. Kaa." Kisha, nilipoelekea kiti changu cha kawaida, ambacho kinatazamana na kiti cha Luseno, akasema upesi, "La, kaa hapa upande huu," akanivutia kiti cha jikoni. Nikakaa nikishukuru. Alikuwa amekonda. Nyumba ilikuwa safi kupita kiasi, safi ya mtu ambaye hana kingine cha kufanya. Mezani kulikuwa na simu ya Luseno, ile ndogo ya vibonye, imechomekwa kwenye chaji.

"Mideva ananiambia niizime," akasema alipoona naitazama. "Nitaizimaje? Watu wengine bado hawajui. Wanapiga."

Tukanywa chai. Akaniambia habari za matanga, nani alikuja, nani alituma salamu tu. Nikasikiliza hadi nikashindwa kuvumilia, nikatoa ile spana, nikaifungua gazeti, nikaiweka mbele yake.

"Tulimpata," nikasema. "Yule dada."

Akaitazama. Macho yakamlowa. "Kama angekuwepo," akasema. "Ni nzuri, Baba Shiro. Itie tu kwenye mkoba wako."

"Siwezi kuitia. Lazima mtu aikatae kwanza."

"Akatae nini?"

"Spana. Sema ni feki. Tafadhali, Mama Mideva, wewe umetusikia miaka yote. Sema chochote."

"Mimi na spana wapi na wapi?" Lakini aliona uso wangu, na yeye ni mwanamke mwenye utu. Akafuta mikono kwenye leso, akaishika ile spana, akaigeuza huku na huku akitafuta la kusema. Kisha akaisogeza puani.

"Mbona inanuka rangi ya viatu?"

Hamwezi kuamini nilivyofurahi. Nilisogeza kiti mbele nusura nimwage chai. Mtu amepinga! "Hayo ni mafuta ya zamani," nikajibu, sauti imenipanda kama zamani. "Chuma kinakaa kwenye sanduku miongo na miongo, grisi inaganda, lazima inuke!"

"Grisi gani? Baba Shiro, mimi napaka viatu rangi kila Jumamosi ya Mungu kwa ajili ya kanisa. Hii ni rangi ya viatu. Tena nyeusi."

"Ni grisi, mama!"

"Ni rangi!" Alikuwa ameanza kuwaka naye, mashavu yamepata damu. Kisha akainusa tena. Akaiweka spana mezani polepole. "Na rangi yangu ilipotea," akasema. "Mwezi wa pili. Kopo jipya. Nilimuuliza, akaniambia labda ni panya."

Nilicheka kidogo, kwa sababu panya wa rangi ya viatu anachekesha. Yeye hakucheka.

"Na tena kuna jambo lilinitisha wiki hii. Jumatano simu yake ililia. Nikashika, sikusema kitu, nilikuwa nimeshikwa na hofu tu. Mwanamume akasema, 'Mzee, amenunua! Amenunua!' Akaanza kucheka, akacheka mpaka akakata. Nikadhani ni matapeli. Amenunua nini? Nani?"

Nikamwomba ile simu. Nikabonyeza nikatafuta waliopiga. Luseno alikuwa amemwandika vizuri: Jimale Vyuma.

Nikamuuliza, taratibu, kabla hajaugua Luseno alikuwa akifanya nini hapa nyumbani. Akasema alikuwa akigonga. Kila alasiri, kule nyuma kwenye sinki, ko, ko, ko, mpaka jirani akalalamika, na akimuuliza unatengeneza nini anasema, ni kazi ya Mugo. Akainuka akaenda, akarudi na debe dogo lililokuwa chini ya sinki. Akaliinamisha mezani.

Vipande vya chuma vikamwagika. Bapa, vidogo, vimekatwa kwenye bomba na fremu za madirisha, na kila kimoja kilikuwa na mshale. Mishale iliyopinda. Mishale minene. Mishale ambayo mstari wa kati umekosa njia. Kisha mingine mizuri zaidi, na chini yake 1943, 1943, tatu imegeuka, tatu imenyooka, hadi vile vya mwisho ambavyo nilipoviweka kando ya spana yangu vilikuwa ndugu wa tumbo moja. Na mkono wake tayari ulikuwa ukitetemeka siku zile, nakumbuka, alikuwa akimwaga chai nami nikimtania.

Kwa hiyo ndivyo ilivyokuwa. Alichukua moja ya zile za raia tulizozikataa, akaigonga mshale, akaigonga mwaka, akaipaka rangi ya viatu ya mkewe, akampelekea Jimale aitie kwenye karai inisubiri. Na Jimale akiniona nimeinunua, apige simu. Na Luseno angekuja mbio hadi kwangu Jumamosi, akae kimya, aniache niisifu, aniache niape kwa kaburi la baba, halafu aanze kukataa. Angekataa hoja moja baada ya nyingine mpaka atoe hili debe.

"Mshenzi wewe!" nikapiga kelele. Nilimpigia kelele mtu aliyekufa, nyumbani kwake, mbele ya mjane wake, picha yake ukutani ikinitazama. "Mshenzi mkubwa! Mimi nilijua! Nilijua mshale ule umekaa juu!" Sikujua. Sikujua lolote. Nilikuwa na majibu kifuani yamejaa, ya kumrudishia, ya kumtukana, ya kumwambia subiri na mimi nitakupata, na kile kiti cha mbele yangu kilikuwa kitupu. Nikaanza kulia kama mtoto. Sikulia hivyo Vihiga.

Mama Mideva aliniacha nilie. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Kwa hiyo ni feki?"

"Ni feki."

"Na wewe ulidanganyika?"

"Kabisa."

Akaichukua ile simu ya vibonye, akanipa. "Huyo mtu hajui," akasema. "Anamngoja. Mpigie umwambie, mimi siwezi."

Nikampigia. Ilikuwa haki afahamu. Nikaweka sauti ya nje kwa sababu sikio langu la kulia ni bovu. Jimale alishika hata kabla haijalia mara ya pili, na huko kwake aliona jina la Luseno, kwa hiyo alianza moja kwa moja, akicheka tayari.

"Luseno! Uko wapi wewe? Nilikupigia ukanyamaza tu, nikajua unajizuia kucheka! Wallahi ungekuwepo! Aliingiza mkono kwenye karai, akaitoa, akaifuta, akaifuta tena, halafu unajua alifanya nini? Aliibusu! Wallahi aliibusu! Akaikumbatia hivi, akaanza kumwita Mungu kwa Kikuyu! Mimi niligeukia ukuta nikauma shati. Na bei je? Nilimtajia ya kumchokoza, hakubisha! Mugo! Hakubisha! Akakimbia kwenye mbuzi kama mwizi!"

Nilitaka kumkatiza. Mdomo ulifunguka. Lakini Mama Mideva alikuwa ameziba mdomo kwa leso, na nikaona kwamba ile leso ilikuwa ikitikisika, na kwamba hakuwa analia, au alikuwa analia pamoja na kucheka, na macho yake yalikuwa kwenye kile kiti. Nikashika simu katikati ya meza nikamwacha Jimale aseme yote, jinsi nilivyopiga magoti, jinsi mbuzi mmoja alivyonitazama, akiongeza chumvi kila mahali, mpaka akaishiwa pumzi.

"Haloo?" akasema. "Mzee? Uko? Mbona hucheki?"

"Jimale," nikasema. "Ni mimi, Mugo. Luseno tulimzika mwezi wa tatu."

Nyuma yake mbuzi walikuwa wakilia. Nikamsikia akisema jina la Mungu, mara moja, kisha tena.

"Usikate," nikamwambia. "Mkewe yuko hapa nami. Tafadhali, anza tena, pale nilipoibusu."